Lotería ya usiku wa Meksiko: mwongozo kamili wa kuichapisha na kuichezesha

Ukiandaa sherehe ya Kimeksiko na ukataka bingo, usihangaike kupakua bingo ya namba 75 iliyochorewa sombrero pembeni. Wameksiko wana bingo yao, lotería, na inatumia picha badala ya namba. Mchezo huu ulitoka Italia ukapitia Hispania, ukafika Meksiko mwaka 1769, enzi za ukoloni wa Kihispania. Picha zinazojulikana zaidi leo zilitolewa mwaka 1887 na Clemente Jacques, Mfaransa aliyefanya biashara Meksiko. Unachezwa sebuleni, kwenye maonyesho ya mitaani na kwenye harambee za shule. Hauhitaji kifaa chochote cha dukani: printa, mkasi na maharage vinatosha.

Mwongozo huu umepimwa kwa wageni 24 na meza nne. Ukiwa na wengi zaidi au wachache, hesabu za kubadilisha zimo humu.

Kwanza, tarehe

Sikukuu inayofaa zaidi ni usiku wa tarehe 15 Septemba, mkesha wa uhuru wa Meksiko. Alfajiri ya tarehe 16 Septemba 1810, padri Miguel Hidalgo aliwaita watu wa mji wa Dolores waasi utawala wa Hispania. Siku hizi rais hutoka roshani ya Palacio Nacional, ikulu ya jijini Mexico, saa tano usiku, akapiga kengele na kuita "¡Viva México!", umati wa uwanja wa Zócalo ukimjibu. Tarehe 5 Mei ni jambo jingine: ni ushindi wa Wameksiko mjini Puebla dhidi ya jeshi la Ufaransa mwaka 1862, na shamrashamra zake kubwa ziko Marekani na Puebla kwenyewe. Ukiitangaza kuwa siku ya uhuru, mgeni Mmeksiko atakusahihisha mbele ya watu. Mafuvu yaliyopambwa kwa maua nayo ni ya Siku ya Wafu, tarehe 1 na 2 Novemba, usiyabandike ukutani mwezi Septemba. Rangi za usiku huu ni kijani, nyeupe na nyekundu.

Mchezo wenyewe

Kuna karata 54, kila moja ina picha, jina na namba. Kila mchezaji ana tabla, yaani karatasi yenye picha 16, safu nne kwa nne, zilizotolewa kwenye hizo 54. Mpiga mbiu, ambaye Meksiko huitwa gritón, anachanganya karata na kuzitoa moja moja huku akizitangaza. Aliye na picha hiyo anaifunika kwa harage. Wa kwanza kukamilisha umbo lililokubaliwa anaita "¡Lotería!" au "¡Buenas!".

Orodha kamili ya karata ni hii. Iandike kama ilivyo, kwa sababu wachezaji wenye uzoefu hukumbuka namba pamoja na picha:

1 El gallo, jogoo. 2 El diablito, kishetani. 3 La dama, bibi. 4 El catrín, mtanashati. 5 El paraguas, mwavuli. 6 La sirena, nguva. 7 La escalera, ngazi. 8 La botella, chupa. 9 El barril, pipa. 10 El árbol, mti. 11 El melón, meloni. 12 El valiente, shujaa. 13 El gorrito, kofia ya mtoto. 14 La muerte, kifo. 15 La pera, pea. 16 La bandera, bendera. 17 El bandolón, bandoloni (ala ya nyuzi). 18 El violoncello, selo. 19 La garza, korongo. 20 El pájaro, ndege. 21 La mano, mkono. 22 La bota, buti. 23 La luna, mwezi. 24 El cotorro, kasuku. 25 El borracho, mlevi. 26 El negrito, kijana mweusi. 27 El corazón, moyo. 28 La sandía, tikiti maji. 29 El tambor, ngoma. 30 El camarón, kamba wa baharini. 31 Las jaras, mishale. 32 El músico, mwanamuziki. 33 La araña, buibui. 34 El soldado, askari. 35 La estrella, nyota. 36 El cazo, sufuria. 37 El mundo, dunia. 38 El apache, Mwapache. 39 El nopal, mpungate. 40 El alacrán, nge. 41 La rosa, waridi. 42 La calavera, fuvu. 43 La campana, kengele. 44 El cantarito, mtungi. 45 El venado, kulungu. 46 El sol, jua. 47 La corona, taji. 48 La chalupa, mtumbwi. 49 El pino, msonobari. 50 El pescado, samaki. 51 La palma, mnazi. 52 La maceta, chungu cha maua. 53 El arpa, kinubi. 54 La rana, chura.

Michoro ya seti ya Don Clemente ina mwenyewe na inalindwa kama alama ya biashara, kwa hiyo usiiskani ukaigawa. Chora yako au tumia michoro iliyoruhusiwa. Ukishaamua kuchora, karata ya 26 na ya 38 ni katuni za watu weusi na wenyeji wa asili zilizobaki kutoka karne ya 19, na hakuna sababu ya kuzirudia. Weka sufuria ya pozole (supu ya mahindi na nyama) na hindi la kuchoma mahali pao. Sherehe ikiwa ya watoto, mlevi naye aondoke, na mahali pake iwekwe picha ya pia, ile ya kuchezea.

Jihadhari na picha zinazofanana. Bandoloni, selo na kinubi vikichorwa vidogo huwa kitu kimoja machoni pa mtu aliye mwisho wa meza. Ndivyo ilivyo kwa mti na msonobari, ndege na korongo, kifo na fuvu. Ushindi mwingi wa uongo hutokea hapa, na mara nyingi mchezaji hakudanganya. Dawa yake ni namba: iweke kona ya juu kushoto ya kila picha, isiwe ndogo kuliko pointi 14, na jina liwe chini ya picha.

Kutengeneza tabla

Hapa ndipo bingo nyingi za kuchapisha zinapoharibikia. Mtu anachora picha 24 kwa sababu ndizo alizopata, anazipanga kwenye tabla za picha 16, halafu anashangaa watu wanne wanaita kwa pamoja. Piga hesabu. Kukiwa na picha 24, kila karata inayotangazwa iko kwenye tabla 16 kati ya 24, na mtu atamaliza mstari baada ya karata 6 au 7 tu. Kukiwa na picha 54, karata moja inagusa takriban tabla 7, wengine wanasubiri, na kusubiri huko ndiko kunakoleta kelele. Kanuni rahisi: picha za tabla zisizidi theluthi moja ya karata zote. Kwa watoto wadogo tumia karata 30 na tabla ya tatu kwa tatu. Uwiano ni uleule.

Kosa la pili ni kutoa kopi tabla tano zilezile mpaka zitoshe watu 24. Tabla zinazofanana hushinda pamoja, daima.

Njia ya mkono ni ya uhakika kuliko programu nyingi. Changanya karata zote 54. Panga 16 za kwanza mezani nne kwa nne, andika namba zake kwa mpangilio huo: hiyo ni tabla ya kwanza. Karata 16 zinazofuata ni tabla ya pili, nyingine 16 ni ya tatu, na zinabaki 6. Zile 6 ziweke kando, changanya zilizobaki, kisha anza tabla ya nne kwa zile 6 na kuongeza 10 kutoka kwenye rundo. Endelea hivyo mizunguko tisa, upate tabla 27, yaani za wageni 24 na tatu za akiba. Njia hii haiwezi kurudia picha mara mbili kwenye tabla moja, na inazuia picha fulani kujaa kwenye tabla nyingi huku nyingine ikisahaulika.

Anayetaka kutumia lahajedwali aandike 1 hadi 54 safu ya kwanza, fomula ya =RAND() safu ya pili, apange kwa safu ya pili na kuchukua namba 16 za juu. Nakili hizo 16 kama thamani tupu mara moja, maana RAND inabadilika kila unapohariri seli, na ukirudi dakika mbili baadaye tabla uliyoiona haipo tena.

Ipe kila tabla namba yake, T1 hadi T27, na uhifadhi orodha. Utaihitaji wakati wa kuhakiki.

Vipimo na uchapaji

Kwa tabla, kila kisanduku kiwe na upana wa milimita 44 na urefu wa milimita 62. Visanduku 16 vinachukua 176 kwa 248, vinakaa vizuri kwenye A4 na kuacha nafasi ya kichwa juu. Karata za mpiga mbiu ziwe 63 kwa 88, ukubwa wa karata za kawaida. Zinaingia tisa kwa ukurasa, kwa hiyo 54 zinatimia kurasa sita kamili.

Ukipakua faili ya Meksiko au Marekani, huenda imepangwa kwa karatasi ya Letter, 216 kwa 279, ambayo ni pana na fupi kuliko A4. Printa ikiachiwa iamue yenyewe, itapunguza ukurasa, na tabla ulizochapa leo hazitalingana na zile za juzi. Vipimo vilivyotajwa hapa vinaingia karatasi zote mbili, mradi uchague ukubwa halisi, asilimia 100. Acha angalau milimita 5 kila ukingo, kwa sababu printa nyingi za nyumbani hazifiki mwisho wa karatasi.

Ukienda steshenari au saiba, peleka PDF, usipeleke faili ya Word. Kompyuta ya pale isipokuwa na fonti yako, picha zinahama, na utagundua umeshalipia kurasa 27. Chapa ukurasa mmoja wa majaribio, upime kisanduku kwa rula, ndipo uendelee.

Karatasi: tabla zinataka gramu 160 hadi 200 kwa mita ya mraba. Ya gramu 80 inajikunja kwa unyevu wa mikono na maharage yanateleza kuelekea katikati. Karata zinataka gramu 250 hivi, kwa sababu karatasi nyepesi inaonyesha picha kwa nyuma ikiwa taa iko mgongoni mwa mpiga mbiu. Usichape mgongo wa karata kwenye printa ya nyumbani. Ukichepuka hata milimita mbili, kila karata inapata alama yake, na mwenye macho makali atazijua. Tumia karatasi ambayo mgongo wake tayari ni wa rangi moja.

Leminesheni inafaa kwa tabla kama utazitumia tena, ila harage linateleza juu yake, basi chagua isiyong'aa sana. Karata usizitie leminesheni: kwa plastiki ya maikroni 125, rundo la karata 54 linakaribia sentimita 3 na halichanganyiki.

Kata kwa kisu na rula ya chuma, karatasi mbili kwa wakati mmoja, si zaidi. Ukikata nne, ya chini inahama.

Jumla ya karatasi: 27 za tabla, 6 za karata, moja ya majaribio, moja ya orodha ya uhakiki, na moja ya karata tupu za akiba. Hiyo ya mwisho watu huiruka, nayo ndiyo inayookoa seti mwaka unaofuata.

Maharage

Mchezaji anahitaji 16 kujaza tabla. Mpe 20 kwenye kikombe kidogo. Kwa watu 24 ni maharage 480, na nusu kilo inatosha na kubaki. Chagua makubwa na bapa, maana ya mviringo yanaviringika mtu akigusa meza. Meza ikiwa na watoto chini ya miaka mitatu, weka vitu vikubwa visivyoingia mdomoni badala yake, kwa sababu harage linaweza kukwama kooni, na harage jekundu bichi lina sumu. Vizibo vya soda pia hutumika sana Meksiko, pamoja na punje za mahindi na kokoto.

Mpiga mbiu

Ukimpata mzuri, mapambo unaweza kuyaacha. Asiwe mtu wa kusoma majina kama mwalimu anayeita mahudhurio. Gritón huanza kwa "¡Corre y se va con...!", yaani "Inakimbia, inaenda na...!", kisha hutupa maneno ya fumbo kabla ya kutaja picha. Jua ni "blanketi la maskini". Mwezi ni "taa ya wapendanao". Kwa kamba wa baharini husema "akilala, mkondo humchukua", na hiyo ni methali ya kila siku kule. Kila gritón huongeza ya kwake, na ya kumtania jirani hayakosekani.

Wageni wakiwa Waswahili, usitafsiri zote. Methali zetu ukizikata nusu zinafanya kazi hiyohiyo, na meza nzima inamalizia kabla karata haijageuzwa. "Wa shamba hawiki mjini!" Jogoo. "Kelele zake hazimzuii ng'ombe kunywa maji!" Chura. "Ikivuma sana haikawii kupasuka!" Ngoma. "Mmoja haulei mwana!" Mkono. "Mkunje angali mbichi!" Samaki. "Mpandaji hushuka!" Ngazi. Kwa picha zisizo na methali, tunga: mwavuli, kwa mfano, "mvua ikinyesha ni rafiki, ikikatika anasahauliwa kwenye daladala". Nge: "mkia juu, haulizi jina". Andaa ishirini hivi. Zilizobaki mpiga mbiu atazibuni akishapata joto, na akikosa la kusema, ataje tu.

Mpangilio wa kila karata uwe huohuo: fumbo, jina la Kihispania, jina la Kiswahili, namba, kisha ainue picha kwa sekunde tatu na kuigeuza pande zote za chumba. Kwa wageni wapya, sekunde 10 kwa karata. Wakizoea, 6. Chini ya hapo, wazee wanaachwa nyuma na wanaacha kucheza bila kusema.

Karata iliyotangazwa isirudi kwenye rundo. Ilazwe mezani wazi, safu sita za tisa, kwa mpangilio wa namba kadiri inavyowezekana. Raundi ijayo kabla ya kuchanganya, jaza safu zote sita: pengo likionekana, kuna karata imeanguka chini ya kiti.

Raundi na muda

Maumbo ya kawaida ni mstari (mlalo, wima au mshazari), pembe nne, na kisima, yaani visanduku vinne vya katikati. Kubwa kuliko yote ni tabla kujaa. Kwa tabla 24 zilizochanganywa vizuri, mstari hupatikana takriban karata ya 14. Pembe nne au kisima, ukitangaza kimoja tu, huchukua karibu karata 23. Tabla kujaa hufika karata ya 45 hivi. Kwa sekunde 10, hizo ni dakika mbili na kidogo, dakika nne, na dakika saba na nusu. Wageni wakiwa 12, ongeza karata mbili tatu kwa mstari na nne kwa pembe.

Panga hivi: saa mbili na nusu usiku mstari, ili wote waelewe, mstari tena, pembe nne, kisima. Kisha chakula. Baada ya chakula mstari mmoja wa kuwarudisha watu mezani, halafu tabla kujaa kwa zawadi kubwa. Ukihesabu uhakiki, utani na kuchanganya, jumla haizidi dakika 45 za mchezo. Usianze na tabla kujaa. Watu hawajazoea picha, dakika nane zinaonekana nusu saa. Kila raundi wabadilishane tabla, vinginevyo aliyeshinda mara mbili ataambiwa tabla yake ina dawa.

Maliza kabla ya saa tano usiku kama mnataka kufanya Grito, yaani ule mwito wa uhuru wa rais. Mpiga mbiu huyohuyo anaweza kupiga kengele na kuita "¡Viva México!" mara tatu, wageni wakijibu "¡Viva!".

Ubishi na namna ya kuumaliza

Tangaza sheria nne kabla ya karata ya kwanza, kwa sauti. Anayeshinda aite kabla karata inayofuata haijatajwa. Akichelewa bado anaweza kuita, lakini mwingine akimtangulia kuita, huyo ndiye mshindi. Akiita, hakuna kugusa maharage: wengi hutikisa tabla kwa furaha, na aliyeita kwa haki anakosa ushahidi. Msaidizi, si mpiga mbiu, anasoma namba za umbo lake kwa sauti na kuzilinganisha na karata zilizolazwa. Ikiwa moja haimo, mchezo unaendelea kutoka karata ileile, naye anabaki mchezoni. Wakiita wawili kwa karata moja, kila mmoja avute karata kwenye rundo lililobaki, yenye namba kubwa ishinde. Kugawana zawadi ndogo hakumfurahishi yeyote.

Meksiko watu huweka sarafu mezani, na mshindi huzoa. Kwenye sherehe ya kualika watu, toa zawadi bila kiingilio. Ukianza kuuza tabla kwa umma, katika nchi nyingi umeingia sheria za michezo ya kubahatisha na utahitaji kibali, hata kama fedha ni za kanisa.

Zawadi tano ndogo na moja kubwa zinatosha. Palanqueta za karanga zitapokewa bila maelezo, kwa kuwa ni kashata kwa jina jingine. Peremende za ukwaju na pilipili ziwekee tahadhari kwa watoto. Kubwa iwe kitu cha kubaki: mpungate mdogo kwenye chungu, au kitambaa cha mezani cha mistari ya zarape, blanketi la Kimeksiko.

Vinywaji visiwe vya kuhangaisha. Agua de jamaica ni choya, agua de tamarindo ni maji ya ukwaju, vyote vinapatikana sokoni. Lita nane za jumla zinatosha watu 24. Weka vikombe kwenye meza ya pembeni: choya ikimwagika kwenye tabla ya wino wa kawaida, rangi hukimbia na picha haisomeki.

Wageni wakiondoka, hesabu karata mpaka 54 na tabla mpaka 27, funga kila rundo kwa mpira na uweke kwenye bahasha kavu. Karata ikikosekana, kata moja tupu ya akiba kutoka ule ukurasa uliochapwa siku moja na nyingine, uchore picha yake. Ukichapa mpya baadaye, hata kwa karatasi ya aina ileile, weupe wake hautalingana, na karata hiyo itajulikana kabla haijageuzwa.